Chungu Kikitoka Nyumbani: Soko, Ufinyanzi na Utambulisho wa Watu katika Nyanda za Kati

Mwenye kushuka basi katika kituo kikuu cha Nzuguni, upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma, akavuka kuelekea Soko la Job Ndugai, hupishana na vyombo vya kila namna kabla hajafika penye vitunguu na nyanya: ndoo za plastiki zilizopandishwa moja juu ya nyingine hata zikafikia kimo cha mtu, masufuria ya alumini yanayometa juani, madumu, mabeseni, chupa za chai zenye maua, na pengine, pembezoni kabisa, juu ya magunia yaliyotandikwa chini, vyungu vya udongo visivyozidi ishirini, vimeinamishwa midomo chini. Siku moja ya kiangazi nilisimama mbele ya vyungu vya namna hiyo, na mama aliyekuwa akiviuza akakitwaa kimoja, akakipakata katika kiganja cha mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole, nacho kikatoa mlio mwembamba uliokawia kufa. Akagonga cha pili, kikajibu kwa sauti nzito iliyokatika upesi, naye akakitenga kando bila ya kusema neno, maana kilikuwa na ufa usioonekana kwa jicho. Baada ya kumwamkia na kuitikiwa, nilimwuliza kama vile vilikuwa vyungu vya Kigogo. Akaniambia: "Vimekuja na lori, mwanangu. Mimi nanunua kwa jumla, nauza kimojakimoja. Aliyevifinyanga simjui."

Jibu hilo la maneno machache lina mambo mengi ndani yake. Zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kwa kuwa wapo wazee waikumbukao, ilikuwa nadra kwa mtu wa kijijini kutumia chungu asimjue aliyekifinyanga: alikuwa shangazi yake, au jirani wa bonde la pili, au mke wa fulani aliyekuja na ujuzi wake kutoka kwao, na chungu kilipopasuka, habari zilimfikia mwenyewe kabla vigae havijazolewa. Leo chungu chafika Nzuguni kimekwisha kuvuliwa nasaba yake, na mwenye kukinunua hukipima kwa mlio, kwa ukubwa na kwa bei, basi. Mintarafu ya mabadiliko haya watu wetu wamegawanyika katika rai mbili. Wako wasemao kwamba soko limeua mila, na wako wasemao kwamba soko ndilo mwokozi wa mila, maana kisichouzika hufa. Rai zote mbili naziona pungufu, kwa sababu zote mbili zachukulia kwamba palikuwapo ufinyanzi wa kabila, safi na kamili, kabla ya soko kuja. Ilhali historia ya nyanda hizi yashuhudia kwamba biashara ilikuwapo tangu kale, na kwamba hata hilo kabila lenyewe lilipata sehemu ya sura yake katika njia ya biashara. Kwa hiyo la kuulizwa ni jingine: nani asimamaye baina ya mfinyanzi na mtumiaji, na nani mwenye udongo?

Kabla ya kulijibu, yafaa tukitazame chungu chenyewe kilivyokaa nyumbani. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wa Dodoma, ni nchi kame. Mvua zake, ambazo ni za msimu mmoja tu tangu Desemba hata Aprili, kwa wastani hazizidi sana milimita 500 au 600 kwa mwaka, na miezi iliyobaki ni ya jua, vumbi na upepo. Ndani ya tembe, nyumba ile ya udongo yenye paa bapa iliyozishinda nyingine zote kwa kuzuia joto la mchana na baridi ya usiku, vyombo viligawana kazi kwa utaratibu uliofahamika na kila mtoto: maziwa yalikaa vibuyuni, nafaka ikakaa vilindoni, na udongo ukachukua yaliyobaki, yaani chungu cha kusongea ugali wa uwele au wa mtama, chungu kidogo cha mlenda, mtungi wa maji uliofukiwa kitako chake penye kivuli, na kile kikubwa kuliko vyote, chungu cha ujimbi, yaani pombe ya kienyeji, ambacho bila ya hicho hapakuwa na harusi, wala kilimo cha kuitana, wala tambiko. Mtu aliyeazima chungu cha ujimbi alijulikana kijiji kizima ana jambo gani, kwani chungu kile hakikutoka nyumba moja kwenda nyingine pasipo shughuli.

Kazi ya kukitengeneza ilikuwa ya wanawake, na ilikuwa ya kiangazi, pindi jembe lilipopumzika na udongo wa mbuga, ambao masika hunata miguuni na kiangazi hupasuka mipasuko ya kuingia mkono, ulipoweza kuchimbwa na kubebwa. Udongo ulitwangwa, ukachekechwa, ukalowekwa, ukakandwa, na ndani yake ukatiwa mchanga au vigae vya vyungu vya kale vilivyopondwa, ili usipasuke motoni. Na hapo naona jambo la kustaajabisha, kwamba chungu kipya hubeba tumboni mwake vumbi la vyungu vilivyokufa, hata mfinyanzi wa leo akawa anakanda, bila ya kukusudia, kazi ya bibi yake. Kisha udongo ulipandishwa kwa miviringo iliyokaliana, ukasawazishwa kwa gunzi na kipande cha kibuyu, ukasuguliwa kwa jiwe laini la mtoni, ukaanikwa kivulini siku kadha wa kadha, na hatimaye ukachomwa juu ya ardhi tupu, pasipo tanuri, kwa kuni na nyasi, na penye ng'ombe hata kwa samadi kavu. Wahenga waliposema udongo upate ungali maji walikuwa wakinena habari ya malezi, lakini mfinyanzi aliyasikia maneno hayo kama agizo la kazi, maana akichelewa saa moja ya jua la Dodoma, mdomo wa chungu haukunjiki tena.

Sasa tuje kwenye biashara. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilipita katikati ya Ugogo, baada ya wasafiri kuyavuka Marenga Mkali, nyika ile ya maji machungu iliyo magharibi ya Mpwapwa, na kufika kwenye visima vya watemi waliowatoza hongo ya merikani, kaniki, shanga na masango. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita huko mwaka 1857 wakienda Ujiji, na Stanley mwaka 1871, nao wote waliandika kwa uchungu juu ya hongo hiyo, pasipo kutafakari sana kwamba maji ya nchi kame ni mali, na mwenye kisima ana haki ya kukiwekea bei. Misafara ilihitaji chakula cha mamia ya watu, na kwa minajili hiyo kila kambi ilikuwa gulio: nafaka, asali, samli na kuku zikatoka, nguo na shanga zikaingia. Pamoja na wapagazi wakaja vyombo vyao, na miongoni mwavyo sufuria, ambayo jina lake lenyewe, lililotoka katika Kiarabu, lakumbusha shaba iliyofuliwa kwayo zamani, kabla alumini haijajulikana katika bara hili.

Na wenyeji waliowauzia wapagazi hao nafaka walikuwa nani? Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mahali pasipo mbali na Nzuguni, alikiandika kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotolewa mwaka 1954, na mwenye kukisoma ataona jinsi koo nyingi za Kigogo zinavyoeleza asili zao Uhehe, Ukaguru, Unyamwezi na kwingineko. Watu walifika kwa makundi, wakifuata malisho au wakikimbia njaa na vita, wakakutana katika nchi moja yenye desturi moja ya ng'ombe na uwele. Na husimuliwa kuwa hata jina la Wagogo walipewa na wapita njia wa misafara, kwa ajili ya magogo waliyowaona wamekalia. Iwapo simulizi hiyo ni ya kweli kwa kila neno lake au sivyo, maana yake haifichikani: jina ambalo leo twalitaja kwa fahari, na ambalo tungependa lisomwe juu ya chungu, lilikomaa kando ya njia ya biashara, katika vinywa vya wageni waliokuja kununua. Wanawake walioolewa kutoka koo hizo mbalimbali walikuja na mikono yao, na mkono wa mfinyanzi hausahau haraka ulivyofunzwa. Hivyo atafutaye chungu cha Kigogo kisichochanganyika na cha jirani atatafuta sana.

Jambo hili limethibitishwa kwa uchunguzi wa karibu zaidi katika nchi ya Wajaluo, magharibi mwa Kenya. Huko mtafiti Ingrid Herbich, aliyekaa na wafinyanzi katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba aghalabu msichana hajifunzi ufinyanzi kwa mama yake mzazi, bali hufundishwa na mama mkwe wake na wake wenza baada ya kuolewa katika kitongoji cha wafinyanzi kilicho karibu na udongo mwema. Kwa hiyo mtindo wa vyungu vyake ni wa pale alipoolewa, si wa pale alipozaliwa, na vitongoji viwili vya Wajaluo vyaweza kutofautiana kwa umbo na nakshi, ilhali vyungu vya kimojawapo vyanunuliwa sokoni na watu wasio Wajaluo kabisa, na kutumiwa majumbani mwao kana kwamba ni vya kwao tangu dahari. Hoja hii ina uzito mkubwa, kwa kuwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamezoea kuviita vigae kwa majina na kuvifungamanisha na watu. Hata huku kwetu vigae vya wakulima wa kale vilivyopatikana Lelesu, katika nchi ya Kondoa, vimetoa jina la mtindo mzima. Jina la mtindo ni chombo kizuri cha kazi, lakini tusikiruhusu kituambie zaidi ya kinavyojua, kwani kigae kilichookotwa shambani chaweza kutujulisha mama mkwe alikuwa fundi wa namna gani, kisitujulishe watu wa nyumba ile walizungumza lugha gani.

Dola ya Wajerumani ilipoweka kodi ya kibanda mwaka 1897, na reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, chungu kilikabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: mfinyanzi akahitaji fedha taslimu, si nafaka tu, na behewa likaleta vyombo vya mabati hata mlangoni pake. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, bei ya chungu ilikuwa ni nafaka ya kukijaza, mara moja au mara mbili kwa kadiri ya mapatano. Bei hiyo ilikuwa ndani ya chungu chenyewe, na kila aliyekuwa na macho aliweza kuiona. Fedha iliitoa nje, ikaiweka katika mkono wa anayejua bei za mahali pengine. Ndipo likaja debe, bati la mafuta ya taa la galoni nne, ambalo likiisha mafuta yake lilikuwa jepesi kuliko mtungi, halikuvunjika likianguka, na lilipatikana kwa thamani ndogo. Wanawake waliokwenda kisimani mwendo wa saa mbili au tatu hawakuwa na haja ya kushawishiwa. Sithubutu kuwalaumu. Tunaoililia mitungi hatukuibeba vichwani, na mwandishi yeyote anayesahau uzito wa mtungi uliojaa hana haki ya kuusifia uzuri wake. Debe likaendelea hata likawa kipimo cha nafaka, kama tusemavyo debe la mahindi mpaka leo. Hivyo kazi mbili za chungu, kubeba maji na kupima bei, zikachukuliwa na bati moja.

Njaa ya Mtunya, iliyoiangamiza nchi hii baina ya miaka 1917 na 1920, baada ya majeshi ya vita vikuu kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, iliwatawanya watu kwenda kutafuta riziki katika nchi za jirani. Na nusu karne baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma iliwakusanya tena, safari hii kwa amri ya Serikali, katika vijiji vya pamoja. Yote mawili nayapitia upesi, ingawa kila moja lastahili kitabu, kwa sababu hapa nataka jambo moja tu katika hayo: mfinyanzi akihama, aweza kuchukua jiwe lake la kusugulia na gunzi lake, lakini hawezi kuuchukua udongo.

Wako watu ambao soko, badala ya kuwavua utambulisho wao, ndilo lililowavika. Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, Wakisi wa Ikombe wana mashamba haba kwa sababu mlima umekaribiana mno na maji. Wanaume wao ni wavuvi, na wanawake wao ni wafinyanzi ambao vyungu vyao, vyembamba, vyekundu, vyenye nakshi nyeupe mabegani, vilisafirishwa kwa mitumbwi tangu zamani kwenda kubadilishwa kwa mahindi, ndizi na mpunga wa Wanyakyusa, na mpaka leo hupangwa kwa mamia katika gulio la Lyulilo, karibu na Matema, wachuuzi wakavichukua Kyela, Mbeya na mbali zaidi. Mkisi bila ya soko asingeweza kuishi pale alipo. Na mtu wa Mbeya asiyejua lugha ya Wakisi wala mila yao hujua kitu kimoja juu yao, nacho ni chungu. Hapa biashara na kabila vimekandwa pamoja kama udongo na mchanga. Lakini tazama tofauti: Mkisi huchimba udongo wa kwao, huufinyanga kwao, na gulio liko kwao, hata mchuuzi ndiye anayesafiri kumfuata. Kadhalika kule Jomvu, nje kidogo ya Mombasa, wanawake wameendelea kufinyanga mitungi, vikaango na vyetezo kwa ajili ya mji ulio mlangoni pao, na jina la Jomvu likakaa juu ya vyombo vyao pasipo kuhitaji kuandikwa.

Kinyume cha hayo ni habari ya Watwa wa Rwanda, ambayo kila nikiisoma hunisikitisha. Hao walikuwa wafinyanzi wa nchi nzima. Kila nyumba, ya mkulima na ya mfugaji, ilipika katika vyungu vyao, na juu ya hayo walidharauliwa, wasishirikishwe chombo wala kikao, hata ufinyanzi wenyewe ukawa alama ya unyonge. Plastiki na alumini zilipojaa masokoni waliwapoteza wanunuzi. Kisha mabonde ya maji walikochimba udongo yakawekwa na sheria ya ardhi ya mwaka 2005 katika mali ya dola, na mengi yakalimwa mpunga na vyama vya ushirika. Na kwa kuwa Serikali ya nchi ile, baada ya mauaji ya mwaka 1994, haikutaka majina ya makabila yatumike, jumuiya yao iliyojiita ya wenyeji wa asili ilibadili jina ikajiita Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Watu walionyimwa jina la nasaba wakajikinga kwa jina la kazi, wakati uleule ambapo udongo wa kazi hiyo ulikuwa ukiwatoka mikononi. Mwenye kusema kwamba soko lenyewe litaamua nani abaki mfinyanzi na aitafakari habari hiyo: chungu chao kilishindwa na plastiki kwa bei, naam, lakini udongo wao haukushindwa na mtu sokoni, uliondolewa kwa ramani.

Tukirejea Nzuguni, twaona si vyungu vyote vilivyokufa, na vilivyobaki vina sababu. Chungu cha kupikia kimeshindwa na sufuria, isipokuwa kwa wachache washikao kwamba maharage na mboga za kienyeji zina ladha nyingine katika udongo, nami ni mmoja wao. Mtungi wa maji umebaki, kwa kuwa plastiki haina vinyweleo: maji katika mtungi hupenya taratibu hata ukutani mwa nje, upepo mkavu wa Dodoma huyakausha, na kukauka huko huondoa joto la yaliyomo ndani, hivyo kadiri nchi ilivyo kame ndivyo mtungi unavyofanya kazi vizuri zaidi, pasipo umeme wala gharama. Kuna na vyungu vya maua, vilivyozidi tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na nyumba mpya zikahitaji mapambo ya baraza; ila vingi katika hivyo vyamiminwa kwa saruji katika kalibu, na wanaovitengeneza kandokando ya barabara ni vijana wa kiume ambao hawakurithi ufinyanzi kwa mtu.

Jambo hili la wanaume kuingia lina mfano mashuhuri nchini Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilibuniwa huko jiko la makaa la bati lenye kikombe cha udongo ndani, kwa kufuata mfano wa jiko la Thailand, nalo likaenea hata nje ya mipaka kwa sababu lilipunguza makaa kwa kiasi kikubwa. Udongo huo ulipata soko kubwa katika Afrika ya Mashariki. Lakini vikombe vile vilifanywa kwa kalibu na kuchomwa katika matanuri, na penye kalibu, tanuri na mtaji wanaume walikuja kwa wingi, huku bati likifuliwa na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, jijini Nairobi. Ndipo katika Kenya magharibi, kwa jiko jingine la kuni, vikundi vya wanawake vikapata kufunzwa kutumia kalibu na kuishika sehemu ya biashara hiyo. Funzo hilo ni bayana: udongo waweza kupata soko, na mfinyanzi wa zamani asilipate, kama zana mpya zimemfikia mwingine kwanza. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, wakimtazama fundi asiyejiwekea chombo chake kizima. Leo yupo fundi asiyepata hata gae.

Nami naamini ya kuwa shida kubwa ya ufinyanzi katika nyanda hizi iko chini ya miguu yetu. Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuifanya Dodoma makao makuu, na zaidi tangu ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, ardhi ya pembezoni imekuwa ikipimwa kuwa viwanja; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika jiji hili watu zaidi ya 760,000, na wote wanahitaji pa kulala. Nzuguni, ambayo wengi wa hirimu yangu tuliijua kwa mashamba na kwa maonyesho ya Nane Nane, sasa ina mitaa, kituo cha mabasi, soko na nyumba mpaka kwenye vilima. Silalamiki juu ya nyumba za watu. Nasema tu kwamba katika mila ya zamani shimo la udongo halikuwa la mtu mmoja, kama kisima na malisho, na kwamba kiwanja chenye hati hakina nafasi ya shimo la wote: mwenye kiwanja akiona mwanamke anachimba bondeni humwona mharibifu, naye mwanamke hana karatasi ya kumwonyesha. Ramani za mipango miji huweka maeneo ya shule, ya zahanati, ya makaburi na ya wazi; sioni sababu ya kutotengwa bonde moja la udongo, hata ekari mbili, kwa wenye kazi hiyo, na banda moja karibu na soko wauzie kwa mikono yao wenyewe. Nchi iliyoanzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo mwaka huohuo wa 1973 haiwezi kusema kwamba jambo hilo ni geni kwake.

La pili ni jina. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja, Nigeria, mwaka 1974 akajifunza kwa Ladi Kwali, mwanamke ambaye sura yake akifinyanga imewekwa katika noti ya naira 20. Na vyombo vya Odundo, vilivyopandishwa kwa mkono kama apandishavyo bibi yeyote wa kijijini, sasa vimo katika British Museum kwa jina lake. Sitaki kila mfinyanzi wa Ugogo apelekwe London. Nataka mnunuzi wa Nzuguni aweze kuambiwa, "Hiki ni cha fulani wa mahali fulani," na huyo fulani, kikipasuka upesi, aone haya, na kikidumu, aletewe wateja. Kwani hadhi ya fundi, pamoja na haya yake, haipatikani mahali ambapo kazi yake haina mwenyewe.

Mtungi nilioununua siku ile niliupeleka nyumbani, na jioni bibi mmoja jirani, mwenyeji wa huku, alipita kutujulia hali. Tulipokwisha kuamkiana kwa "Mbukwenyi", nilimwonyesha. Akaketi, akaupakata mapajani, akatia mkono ndani mpaka kiwikoni, akaupitisha ukutani polepole huku akitazama pembeni, kama daktari amsikilizaye mgonjwa, kisha akapitisha kidole gumba juu ya mdomo wa mtungi, mzunguko mzima. Akasema kwamba mdomo ule si wa huku, ni wa watu wa kusini, maana umepinduliwa nje na kubanwa kwa vidole viwili. Lakini ndani umekunwa kwa kibuyu, na udongo ni wa mbuga, una chembe nyeupe anazozijua. "Huyu ameolewa huku," akasema, "na bado ni kijana. Mkono wake haujatulia." Akaomba maji, akausuuza mara mbili, akaujaza, akauegemeza ukutani kivulini, akaniambia nisiyanywe maji ya siku ya kwanza wala ya pili.